Kutoka Uki hadi Dawa: Maneno ya Vileo vya Ukambani katika Historia

Mtalii afikaye Nairobi au Mombasa hakai siku nyingi kabla ya kuletewa bilauri ya dawa. Ndani yake mna vodka, vipande vya ndimu, sukari na barafu, na juu yake kimesimamishwa kijiti kilichoviringishwa asali. Mnywaji hukoroga kwa kijiti hicho, na kadiri akorogavyo ndivyo utamu unavyozidi. Kinywaji hiki kilipata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore, ulioko upande wa Lang'ata jijini Nairobi na uliofunguliwa mwaka 1980, ambako mhudumu hupita baina ya meza na sinia yake akiwauliza wageni kama wanahitaji matibabu. Asili ya mchanganyiko wenyewe ni caipirinha ya Brazil. Kilichokuwa cha nyumbani tangu mwanzo ni jina, na ile asali.

Makala haya hayakusudii kusifu baa wala kuzilaani. Tunakusudia kuchunguza maneno. Katika orodha za vileo vya mseto ziwekwazo mbele ya watalii, dawa ni miongoni mwa majina machache sana ya Kiswahili. Mengi ya yaliyosalia yamekuja na meli na ndege. Hata kokteli yenyewe haijapata jina lililotulia katika lugha yetu. Je, hii yatokana na kwamba Afrika Mashariki haikuwa na elimu ya kuchanganya vinywaji? Jibu tunalolitoa ni kwamba elimu hiyo ilikuwako, tena ilikuwa pevu, na mojawapo ya makao yake ni nchi ya Wakamba, yaani Kitui na Makueni za leo pamoja na Machakos. Maneno yake ndiyo yaliyokosa njia ya kuingia katika Kiswahili. Na yale machache yaliyoingia yalipitia mlango ambao wengi wetu hatujaufikiria.

Yafaa tuanze na neno uki. (Alama za irabu za Kikamba tumeziacha kwa ajili ya wepesi wa uchapaji.) Katika Kikamba uki ni pombe. Lakini mtu akitaka kutaja asali husema uki wa nzuki, yaani uki wa nyuki, kana kwamba asali ni aina mojawapo ya pombe. Msomaji asiyezoea isimu linganishi aweza kudhani kwamba Wakamba waliazima jina la pombe wakalipa asali. Ukweli ni kinyume chake. Katika lugha nyingi za Kibantu mzizi huu ni jina la asali: Wakikuyu husema uuki, na Wanyarwanda na Warundi husema ubuki, na wote humaanisha asali tupu isiyolevya. Twaweza basi kusema bila ya wasiwasi kwamba Kikamba kilikuwa na neno la asali, na kwamba pombe ya asali ilipata hadhi kubwa kiasi cha kulinyakua jina hilo, hata asali yenyewe ikabidi iongezewe maelezo ili itambulikane.

Kiswahili nacho kilifanya jambo la kustaajabisha. Kimemhifadhi mdudu, nyuki, lakini kazi yake kimeipa jina la Kiarabu, asali. Tazama basi hali ya ndugu hawa wawili: Mkamba amelihifadhi neno la asali akalitia kwenye kibuyu cha pombe, na Mswahili amelipoteza kabisa. Hapana shaka biashara ya pwani ilichangia katika hili, ingawa haitoshi kueleza kila kitu, maana chumvi, moto na maji vilikuwako sokoni vilevile na havikubadili majina.

Safari ya maana kutoka asali hadi ulevi si ya Kibantu peke yake. Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo nilifundishwa kwamba katika Kisanskriti neno madhu ni asali na pia ni kinywaji kitamu, na kwamba katika Kigiriki cha kale ndugu wa neno hilo, methy, alikwisha kuiacha asali akawa mvinyo. Neno hili la Kigiriki tutakutana nalo tena hapa chini, mahali ambapo wengi hawalitarajii.

Sasa tutazame namna uki ulivyopikwa, kwa maana maneno ya ufundi hayaelezeki mbali na ufundi wenyewe. Asali ilitoka kwenye mwatu, mzinga wa gogo uliotundikwa juu ya mti nyikani. Ilichanganywa na maji ndani ya kibuyu, kitete, kisha yakatiwa matunda ya mti ambao Waswahili huuita mwegea au mvungunya. Tunda hili hufanana na soseji kubwa na haliliwi. Hupasuliwa, hulowekwa au huchemshwa ili uchungu utoke, kisha huanikwa juani. Ndani ya nyuzi zake hukaa hamira, na kwa hiyo tunda moja huweza kutumiwa tena na tena. Mpishi hulitoa, hulikausha na kulihifadhi hadi siku nyingine. Kibuyu kiliwekwa karibu na moto ili joto lisaidie uchachukaji. Palipokuwa na mito yalilimwa mashamba madogo ya miwa, kiwa kwa Kikamba, nayo ilipondwa na kukamuliwa, ama ili itumike peke yake ama ichanganywe na asali. Huo ni mseto, na mpishi alijua vizuri kipi kinaongeza ukali na kipi kinaongeza utamu.

Mnywaji naye hakuwa kila mtu. Pombe ilikuwa ya wazee. Ilitangulia mazungumzo ya mahari, ilimiminwa chini mbele ya ithembo wakati wa kuomba mvua, na katika mabaraza ya nzama ilitozwa kama faini kisha ikanywewa na wale walioamua kesi. Kijana alipewa kwa ruhusa. Gerhard Lindblom, Msweden aliyefanya utafiti Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliikuta jamii ambayo umri ndio uliokuwa ukipima haki ya mtu, na haki ya kunywa ilikuwa miongoni mwa hizo. Msomi Charles Ambler, aliyeandika juu ya jamii za Kenya ya kati mwanzoni mwa ukoloni, ameonyesha kwamba malalamiko juu ya ulevi wa vijana yalizidi pale vijana walipoanza kupata ujira. Hoja hii naiafiki. Mtu mwenye shilingi yake hahitaji kungoja mzee amnyoshee nzele.

Nguvu mbili nyingine ziliupiga utaratibu huu. Ya kwanza ni misheni. Kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission nchini Kenya kilijengwa Nzaui, katika Makueni ya leo, mwishoni mwa mwaka 1895, na wafuasi wa misheni hiyo walitakiwa kuiacha pombe kabisa. Katika nyumba nyingi za Kikristo chai na baadaye kreti za soda zilichukua nafasi ya kitete katika shughuli za ndoa. Nguvu ya pili ni sheria. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 uliwakataza wenye makoloni kuwauzia Waafrika pombe kali za kibiashara, na serikali ya Kenya nayo ilitoa vibali na kanuni za kuisimamia pombe ya kienyeji. Mjini Nairobi, Manispaa ilianza kuuza pombe ya Waafrika kwa faida yake yenyewe katika mtaa wa Pumwani katika miaka ya 1920. Wakati huohuo Wazungu walikuwa na baa zao za hoteli, kama ile ya Norfolk iliyofunguliwa mwaka 1904, na tangu mwaka 1922 walikuwa na bia iliyotengenezwa papo hapo na Kenya Breweries. Kwa hiyo ndani ya mji mmoja palikuwa na sheria mbili za kunywa na, jambo linalotuhusu zaidi, msamiati wa aina mbili. Upande mmoja ulikuwa na baa, bia, wiski na jini. Upande wa pili ulikuwa na kilabu na pombe. Neno pombe, ambalo kimsingi linajumuisha vileo vyote, lilianza kupata harufu ya umaskini ambayo halijaipoteza hadi leo.

Hapa ndipo swali la mlango linapoingia. Mkenya yeyote azungumzaye Kiswahili analijua neno muratina. Ni jina la lile tunda la mwegea na ni jina la pombe itengenezwayo kwalo. Magazeti hulitumia, na wanafunzi wetu kutoka Makueni na Kitui hulitumia wakidhani ni neno la kwao. Lakini r iliyomo inakataa. Tukilinganisha Kikuyu na Kikamba tunaona kwamba mahali ambapo Kikuyu kina r iliyotokana na l ya kale, Kikamba aghalabu hakina kitu. Mkikuyu hurima shamba, Mkamba huima. Mwanamume kwa Kikuyu ni murume, kwa Kikamba ni muume. Kwa kanuni hiyohiyo mti ambao Mkikuyu huuita muratina Mkamba huuita muatini. Kama Kiswahili kingelichukua jina hili Kitui, tungekuwa tukisema muatini. Twasema muratina kwa sababu neno halikushuka na misafara ya Wakamba kwenda Mombasa, ingawa misafara hiyo ilikuwa mashuhuri tangu kabla ya siku za Kivoi, mfanyabiashara wa Kitui aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849. Liliingia baadaye, kupitia Nairobi na nyanda za Mlima Kenya, likiwa neno la mjini, la watu waliokutana katika mitaa ya wafanyakazi.

Kaluvu ni tatizo jingine. Jina hili limeenea Ukambani kwa pombe ya asali au sukari iliyochachushwa kwa muatini, na kuelekea Mlima Kenya husikika karubu. Kwa kuwa l iko hapa mahali tulipotarajia pengo, nashuku kwamba mmoja kati ya majirani hawa alimwazima mwenziwe. Ni nani aliyeazima, sitathubutu kusema kwa ushahidi wa neno moja.

Kilichobadilisha kaluvu yenyewe ni sukari. Asali yahitaji mwatu, mti, nyuki na subira; sukari guru yahitaji duka. Maduka hayo yalifuata reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ikiipasua Makueni kupitia Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud, mahali palipopewa jina la mtawala wa Unguja wa wakati ule. Baadaye barabara ya lami ilikwenda sambamba na reli, na miji hii ikawa vituo vya madereva wa malori na watalii waendao Tsavo. Pale Kiboko, J. A. Hunter, mwindaji aliyeajiriwa na serikali katika miaka ya 1940 kuwaua vifaru kwa mamia ili Makueni ifunguliwe kwa makazi, alijenga hoteli inayoitwa kwa jina lake, na wageni wakaketi barazani na bilauri zao chini ya migunga. Umbali kutoka meza hizo hadi kilabu cha karibu haukuwa mkubwa. Lakini jina hata moja la kinywaji cha pale kijijini halikuvuka kuingia hotelini. Mgeni alipewa alichokizoea kwao. Ujenzi wa reli mpya, ambayo treni yake ya abiria ilianza safari mwaka 2017, umeipunguzia miji ya barabarani wateja wake, na baadhi ya baa tulizozijua zikiwa na kelele usiku kucha sasa zimefunga milango mapema.

Turudi mwaka 1980. Katika mwaka uleule Carnivore ilipofunguliwa, Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Vilabu vya pombe za kienyeji navyo vilikuwa vikifungwa katika miaka hiyo. Sitaki kuyaunganisha mambo haya mawili kama kwamba moja lilisababisha jingine. Lakini mwanahistoria wa lugha hawezi kulipita jambo hili bila ya kusimama. Mwanamke wa Mutomo au Kibwezi aliyechanganya asali, maji na muatini alikuwa akikimbizwa na askari wa chifu, huku mchanganyiko wa asali, ndimu na kileo cha kigeni ukipewa jina zuri la Kiswahili na kuuzwa kwa fedha za kigeni. Jina dawa lilifaa sana. Lilimchekesha mtalii, likampunguzia mnywaji lawama, na likaepuka neno pombe. Kiswahili kilialikwa mezani, ila kwa sharti la kuvaa kanzu ya mganga. Tangu hapo neno limeendelea kutembea: katika migahawa mingi ya Kenya siku hizi ukiagiza dawa utaletewa kikombe cha maji ya moto yenye ndimu, tangawizi na asali, bila ya kileo chochote, nacho huagizwa na watu wenye mafua.

Mzinga umekwenda njia nyingine. Katika Kiswahili sanifu ni nyumba ya nyuki, na ni silaha ya kivita. Katika baa za Kenya leo mzinga ni chupa ya pombe kali ya mililita 750. Vijana walioliunda yumkini walifikiria mlio wa vita kuliko nyuki. Hata hivyo, mtu aliyekulia Mwingi, ambako asali ni biashara inayojulikana nchini kote, husikia maana zote tatu kwa pamoja. Neno limerudi kwenye ulevi kwa mlango wa nyuma, na asali haimo.

Ni katika kutokuwamo huku ambapo jambo zito linajitokeza. Majina ya zamani yalimwambia mnywaji ni nini kilichomo. Uki wa asali ni wa asali, uki wa miwa ni wa miwa, na muatini ulionekana kwa macho ndani ya kibuyu. Majina ya pombe za siri yamefanya kinyume. Mwaka 2000 watu zaidi ya mia moja walikufa katika vitongoji vya Nairobi kwa kunywa kilichoitwa kumi kumi, jina linalotaja bei yake tu. Mwaka 2005 makumi ya watu walikufa Machakos. Sheria ya mwaka 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa kwa tumaini kwamba ikipikwa kwa leseni na kutiwa katika chupa itakuwa salama. Kisha mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa tena, Embu, Kiambu na kwingineko, zikiwamo Kitui na Makueni. Wengine walipona wakiwa vipofu. Kilichowaua ni methanoli, ambayo mwili huigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho. Neno hili la kikemia lilitokana na jina lililoundwa na Wafaransa wawili, Dumas na Péligot, mwaka 1834, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: hyle, yaani mti, na methy, yule ndugu wa asali tuliyemtaja. Waliokunywa walidhani wanakunywa pombe ya kawaida. Jina lililokuwa juu ya chupa halikuwaambia lolote, na jina la kweli la kilichomo lilikuwa katika lugha ya maabara.

Wapo wasemao kwamba haya si kazi ya mwanaisimu, na kwamba afya ina wizara yake. Sikubaliani nao. Tunapowafundisha wanafunzi orodha ya vileo katika Kiswahili twawapa tembo, mvinyo, bia na divai, maneno ya pwani, ya Wareno, ya Waingereza na ya misheni, kisha twashangaa kwamba neno la bara halipatikani ila katika taarifa za polisi. Uamuzi wa mwaka 1928 wa kukifanya Kiunguja msingi wa usanifishaji ulikuwa na sababu zake, lakini ulituachia kamusi zinazoufahamu mnazi vizuri kuliko zinavyoufahamu mwegea.

Viwanda havikungoja kamusi. Mwaka 2004 East African Breweries ilianza kuuza bia ya pipa ya bei nafuu iitwayo Senator, na baadaye mtama aina ya gadam ukawa ukilimwa kwa ajili yake na wakulima wa Ukambani, Kitui na Makueni zikiwamo. Mtama kwa Kikamba ni muvya, nafaka ya chakula iliyokuwa imeanza kuachwa kwa ajili ya mahindi. Mwaka 2013 serikali ilipoitoza bia hiyo kodi iliyokuwa imesamehewa, mauzo yalianguka na mkulima wa muvya aliumia pamoja na mnywaji. Lakini sikiliza wanavyosema watu wa pale. Shambani ni muvya, kwa mnunuzi ni gadam, na kwenye baa ni kegi. Mmea ni uleule.

Utafiti unaohitajika si mgumu, ila una haraka. Wanawake waliopika uki wa asali kabla ya sukari guru kuenea ni wazee sana sasa, na warina asali wa Mwingi na Mutomo wanaotumia mwatu wa gogo wanapungua kadiri mizinga ya kisasa inavyoletwa. Waulizwe majina ya hatua za uchachukaji, majina ya ladha kwa kadiri uki unavyokaa siku moja, mbili au tatu, majina ya vibuyu kwa ukubwa na kwa kazi, na iwapo muatini uliotumika mara nyingi una jina lake mbali na ule mpya. Waulizwe kwa Kikamba, na majibu yaandikwe kwa alama kamili za irabu, ambazo sisi hapa tumeziacha.